Foleni ya Ukutani

9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Sisi huku tunalala na tunaamka, ndiyo afya yetu hiyo. Shemeji yako amenunua friji ya mtumba inayonguruma kama lori linalopanda mlima. Ikiwaka, ndani tunazungumza kwa ishara. Mpwa wako ameingia kidato cha kwanza na tayari anabishana na walimu. Baba anasema sasa ana mawakili wawili, wewe na yeye. Mimi nipo palepale, muuguzi wa wagonjwa wa nje, miguu imevimba lakini mdomo mzima.

Sasa habari ya Baba. Mtoto wa jicho amelifunika jicho la kulia lote, na la kushoto linaona kama mtu anayechungulia nyuma ya pazia. Daktari wa macho huja mara moja kwa miezi mitatu, na akija anasema tusubiri liive. Baba ameacha kuchora mabango ya maduka. La mwisho lilikuwa la kinyozi: kichwa kilitoka kikubwa kuliko mlango wa kibanda, na kinyozi kwa heshima yake akalitundika hivyohivyo.

Lakini kinachomnyima raha si mabango, ni ukuta. Najua nimekuandikia habari zake miaka yote hii, ila wewe uliondoka kabla haujachorwa, kwa hiyo vumilia nikukumbushe. Ni ule ukuta mrefu wa ukumbi wa kusubiri, unaotazamana na dirisha langu. Mwaka aliofariki Mama, Baba aliomba ruhusa akachora watu kumi na tisa wamekaa kwenye benchi wanasubiri, na benchi lao lipo juu kidogo ya benchi letu la kweli. Wote ni watu wa hapa: fundi cherehani, mzee wa redio, bibi mwenye miwani iliyofungwa uzi, yule mjamzito wa nyumba ya pili. Wa mwisho kabisa ni Mama, kikapu mapajani, palepale alipokuwa akikaa kila Jumatatu miaka yake mitatu ya ugonjwa. Hatuna picha yake nyingine ya miaka ile. Unajua alivyokuwa akiikimbia kamera.

Na ukuta ule unafanya kazi, Kaka. Hospitali yetu haigawi namba. Kila mgonjwa anakaa chini ya mtu wake, nami nikifungua dirisha naita, "Aliye chini ya fundi cherehani!" Mtu akienda msalani, akirudi anajua nafasi yake. Wazee wasiojua kusoma hawadhulumiwi. Mjanja akitaka kupenya, wenzake wanamfokea, "Wewe ni wa mama wa kikapu, rudi kwa mama wa kikapu!" Wakiisha kumi na tisa, wanakaa wengine kumi na tisa.

Sasa bomba la maabara nyuma ya ukuta linavuja. Unyevu umemla Mama kidevu na nusu ya mdomo. Baba anataka kumtengeneza kabla jicho halijafunga. Msimamizi mpya wa hospitali amekataa. Si mkatili, ni mwoga tu. Anasema hawezi kumpandisha ngazi mzee asiyeona bila barua ya mtu anayejulikana, ya kuthibitisha kwamba ile ni sanaa na inastahili. Nikamwambia kaka yangu anafundisha chuo. Akasema, basi aandike kwenye karatasi ya chuo.

Mistari mitatu, Kaka. Ya heshima, na muhuri chini. Usimtukane mtu.

Mdogo wako,
Sindano


2 Februari

Mdogo wangu Sindano,

Marahaba, na pole kwa miguu. Mimi mzima. Chumba changu kina vitabu vingi kuliko hewa, na mwenye nyumba ananiuliza kila wiki kama nitavila. Mwambie shemeji asiitengeneze hiyo friji. Angalau nyumbani mwenu kuna kitu kimoja kinachothubutu kukujibu. Na mpwa wangu aachwe abishane. Mwalimu asiyebishiwa anaoza huku amesimama.

Nimesoma barua yako mara mbili na mara zote mbili nilinyanyuka kitini. Baba yetu, aliyeupa mji huo kitu pekee kinachofaa kutazamwa, leo apeleke ombi kwa mtu wa mafaili! Athibitishiwe kwamba ni sanaa! Hao hao wakija wageni watawapitisha mbele ya ukuta na kusema, "Tunathamini vipaji vyetu." Kwao picha ni kitambaa cha meza: kitandikwe siku ya wageni, kikunjwe siku ya kazi. Tumelelewa hivyo, mdogo wangu. Tunaambiwa kwanza dawa, kwanza barabara, kwanza mabati, mawazo na picha vitafuata tukishiba. Na hatushibi, kwa sababu watu waliozuiwa kuwaza hawawezi hata kuuliza dawa imekwenda wapi.

Mimi siandiki barua ya kuomba. Nitaandika makala. Kuna jarida hapa ambalo linafika hadi kwenu, na mhariri wake bado ananivumilia. Nitawafundisha kusoma ukuta.

Nataka jambo moja tu kutoka kwako, nalo ni mlango. Uliwahi kuniandikia kwamba mbele ya benchi Baba alichora mlango uliofungwa. Mwulize aliufunga kwa nini. Watu kumi na tisa, mlango mmoja, na hakuna anayeingia! Hiyo si picha ya mapambo, ni hati ya mashtaka.

Kuhusu karatasi ya chuo, tuiache kwa sasa.

Mpe Baba shikamoo zangu. Mwambie mkono wake utapata msemaji.

Kaka yako


20 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mpwa wako amesimamishwa siku mbili kwa kumwambia mwalimu wa hesabu kwamba anaoza huku amesimama. Asante sana. Shemeji yako alicheka mpaka akajifungia chumbani nisimwone. Mvua imenyesha wiki nzima, na nguo za wodini hazikauki.

Nilimwuliza Baba habari ya mlango. Nakuandikia maneno yake kama yalivyotoka, usiyatie chumvi:

"Mwambie Wakili niliufunga kwa sababu sijawahi kuingia kwa daktari. Mama yenu alikuwa anaingia peke yake, ananiachia kikapu. Sikujua ndani kukoje, nikaona nisidanganye."

Nikamwuliza, kwa hiyo hukumaanisha kitu? Akanigeuzia lile jicho lake moja. "Nilimaanisha anayesubiri asijione peke yake. Hicho si kitu?"

Sikatai hasira yako. Wewe unadhani sioni? Mimi ndiye ninayefungua kabati la dawa asubuhi na kulifunga kwa haraka ili wagonjwa wasione lilivyo tupu. Lakini wewe unasema ukuta uwaamshe watu. Kaka, wale watu wameamka saa kumi alfajiri ili wapate nafasi. Hawajalala. Mtu anayesubiri hahitaji kuambiwa kwamba anasubiri. Anahitaji pa kukaa na mwenzake wa kukaa naye, na asiwepo wa kumpita.

Makala andika baadaye, ndefu uwezavyo, hata mwaka mzima. Kwanza barua. Kidevu kimekwisha na sasa unyevu unaelekea puani. Baba ameshachanganya rangi ya ngozi ya Mama kwenye kopo la maziwa, ameifunika na mfuko, na kila jioni anaifunua kuona kama bado anaiona.

Mistari mitatu.

Sindano


28 Machi

Mdogo wangu,

Habari za hapo? Mimi niliugua kifua kidogo, nimepona. Mwambie mpwa wangu namwomba radhi mwalimu wa hesabu, lakini si sana.

Limetoka! Nimekutumia nakala mbili, moja yako na moja ya Baba, umsomee taratibu. Kurasa nne nzima. Kichwa ni "Mlango Uliofungwa", na mhariri hakukata hata sentensi. Tazama picha: yule mpiga picha wao wa huko kwenu amefanya kazi safi, mlango umejaa ukurasa. Jana mtu nisiyemjua alinisimamisha barabarani akaniambia, "Ndugu, umetusema sote." Miaka mingi sijasikia neno kama hilo.

Nimeandika kwamba nchi inayowakalisha watu wake mbele ya mlango uliofungwa isitafute mshairi wa kuisifu. Nimeandika kwamba fundi mmoja wa mabango, bila shule na bila cheo, amesema kwa brashi yale ambayo wasomi wetu wanayanong'ona kwenye karamu. Sasa wajaribu kuugusa ukuta ule! Dunia inawatazama.

Niambie Baba amesema nini.

Kaka yako


15 Mei

Sindano,

Wiki saba bila neno. Jarida limefika? Mmeshiba umaarufu mmenisahau? Kama ni posta, nitawaandika na wao.

Nasubiri kusikia Baba amesema nini. Ile sehemu ya brashi na wasomi hasa.

Kaka yako


11 Juni

Kaka,

Shikamoo. Nyumbani tupo. Mpwa wako amekuwa wa tatu darasani. Friji imekufa, na nyumba imekuwa kimya kuliko ninavyopenda.

Jarida lilifika. Sikukuandikia kwa sababu kila nilipoanza, barua ilikuwa ya matusi, nami ulinilea vizuri.

Nianze na mpiga picha. Alipokuja niliomba dakika tano, nikaufuta ukuta vumbi, nikafuta kwa uangalifu pale kwenye uso wa Mama. Nilijiambia hata barua isipokuja, angalau tutabaki na picha. Yule mtu akaniambia, "Dada, sogea, mimi nimeagizwa mlango." Akapiga mlango mara nne, akafunga mkoba. Nikamsihi apige na huku mwisho. Akasema filamu ni ya ofisi.

Halafu makala yenyewe. Sitakuonea: yaliyomo ni kweli. Ilisomwa kwa sauti chumba cha kufulia, na wale wanawake wa mashuka, ambao sijawahi kuwasikia wakiuliza lolote, walikwenda watano kwa Msimamizi kumwuliza kwa nini glovu hazijaja tangu Desemba. Wagonjwa nao wakaanza kuutazama mlango. Miaka kumi na tisa hakuna aliyeutazama. Kwa hiyo usiseme sijakupa haki yako. Maneno yako yana nguvu. Hilo ndilo tatizo.

Mwezi wa nne wakaja wakubwa watatu kutoka wizarani, mmoja ana jarida lako kwapani. Wakaagiza Baba aletwe. Nilimshika mkono nikamleta, amevaa koti lake. Ukumbi umejaa, watu kumi na tisa chini ya watu kumi na tisa.

Mwenye jarida akauliza, "Mzee, hawa wanasubiri nini?"

"Zamu yao."

"Na huo ni nini?"

"Mlango."

"Kwa nini umefungwa?"

Baba akajibu kwa adabu zote, kama alivyonijibu mimi: "Bwana, sijawahi kuingia ndani. Sikujua kuna nini."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mpaka mgonjwa wa pumu alicheka. Unaelewa, Kaka? Mwezi mmoja kabla, jibu lile lingekuwa jibu la mzee wa watu. Wewe ulishawafundisha kusoma, kwa hiyo likawa kofi. Yule bwana akawa mwekundu wa macho, na Baba kageuka huku na huku akiuliza, "Wanacheka nini? Nimesema vibaya?"

Jioni ikaja amri kwamba ukuta uwe mweupe kabla ya mwisho wa mwezi. Msimamizi alinionyesha karatasi bila kunitazama usoni. Baba aliposikia hakubishana. Alisema tu, "Watu wangu wasifunikwe na mtu asiyewajua. Nitafanya mwenyewe." Na yule Msimamizi, mwoga kama alivyo, alinunua rangi nyeupe mwenyewe na kuishika ngazi siku zote tatu. Sitamsahau kwa hilo.

Baba alikuwa haoni tena chochote zaidi ya mwanga. Alipima kwa shubiri kutoka mlangoni. Akifika kwa mtu anaweka kiganja ukutani, anamwita. "Fundi, samahani, sogea upumzike." Kisha anapaka, kuanzia miguuni kwenda juu. "Mzee wa redio, zima, tumemaliza." Nilichukua likizo nikamshikia kopo. Wagonjwa waliendelea kusubiri hukohuko, wanahama benchi kadiri rangi inavyokuja.

Siku tatu, watu kumi na wanane.

Sasa tunagawa kadi zenye namba. Jana bibi mmoja aliishika kadi ya 19 juu chini, akasubiri saa tano niite 61. Wanagombana, wanapitana. Mtu akikaa anatazama juu ya kichwa chake, hakuna mtu, anahama.

Baba amekaa tu. Hataki redio. Amekusalimu.

Na jambo moja kabla sijafunga. Ukurasa wa pili umeandika, "Nilisimama mbele ya ukuta ule, nikaona aibu kuwa mzima." Nilimsomea Baba hapo, akaniambia nirudie. Kisha akauliza kwa sauti ya furaha kabisa, "Kumbe alikuja? Mbona hakupita nyumbani?"

Ulisimama lini, Kaka?

Sindano


5 Julai

Mdogo wangu,

Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi sijambo.

Wahuni! Waoga wa kalamu na rangi! Nimekaa siku mbili siwezi kula. Nimekwisha kuandika kurasa sita na hazitakuwa na huruma: majina ya vyeo, tarehe, kopo la rangi, na kicheko kile, hasa kicheko kile. Wameuthibitishia ulimwengu kila nilichosema. Mtu hafuti picha isiyouma. Watajua kwamba ukuta mweupe unasema kwa sauti kubwa kuliko ule wa kwanza.

Kuhusu ile sentensi, ni namna ya uandishi. Mwandishi husimama mahali kwa niaba ya wengine. Nitalieleza vizuri siku nyingine.

Lakini kuna kitu hukukiandika, nami nakujua tangu ukiwa na meno ya maziwa. Umesema kumi na wanane. Walikuwa kumi na tisa. Mama je? Waliuacha uso wake? Baba aliukatalia? Ikiwa Mama bado yupo pale ukutani, niambie haraka, hiyo itakuwa sentensi yangu ya mwisho na itawachoma.

Mpe Baba shikamoo. Mwambie asikae kimya. Mwambie Wakili wake hajamaliza kesi.

Kaka yako


17 Agosti

Kaka,

Sisi tupo. Mpwa wako anakusalimia, shemeji yako pia. Kaa chini kwanza, kama umesimama.

Baba alifariki tarehe kumi na tisa Juni. Asubuhi, kwenye kiti chake cha barazani, chai haijaguswa. Daktari anasema moyo. Tulimzika kesho yake. Wale wanawake wa mashuka walikuja wote, na kinyozi alifunga kibanda. Barua yako yenye shikamoo ilifika ameshakaa ardhini wiki tatu.

Sikukupigia simu ya posta wala kukutumia telegramu. Nilijiambia hutafika kwa wakati, na ni kweli, lakini siyo sababu. Nilikuwa na hasira na nilitaka na wewe ukose kitu. Ukose kumzika, kama ulivyokosa kumzika Mama. Ni ubaya, nimeujua wakati nikiufanya. Nisamehe au usinisamehe, nimeshausema.

Umeuliza juu ya Mama.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, Baba alimfikia. Akaweka kiganja palipokuwa kidevu, plasta ikamvunjikia mkononi.  Kisha akasema, "Sindano, mimi sioni tena. Nitampaka vibaya."

Alikuwa amewapaka kumi na wanane bila kuona.

Akanipa brashi. Nikaanza na kikapu. Nikapanda mikononi, nikapanda mabegani. Nilipofika usoni nilimtazama sana, nikijua ndiyo mara ya mwisho mtu yeyote anamtazama. Alikuwa amekonda jinsi alivyokuwa mwaka ule, na ana yale macho ya kusubiri kuitwa. Kisha nikapaka. Mimi, Kaka. Si wizara, wala si Msimamizi. Mimi ndiye niliyempaka Mama.

Baba akauliza, "Amekwisha?" Nikasema amekwisha. Akasema, "Basi funga kopo, litakauka." Tukaenda nyumbani.

Hizo kurasa zako sita usizitoe. Sikukatazi kwa woga, naapa. Ninakukataza kwa sababu utamweka Mama humo, na mwisho wake utakuwa sentensi inayochoma. Nimechoka na watu wetu kuwa sentensi.

Mdogo wako


22 Septemba

Mdogo wangu,

Nimeandika na kuchana mara nyingi. Leo naandika moja kwa moja na sitairudia.

Pole, na mimi nipe pole. Nimekaa na barua yako tangu ilipofika. Sina la kukusamehe. Kumzika Baba haikuwa haki yangu ambayo wewe uliniiba. Mimi niliiacha barabarani miaka ishirini na miwili iliyopita, wewe ukaiokota ukaibeba peke yako.

Ulitaka mistari mitatu kwenye karatasi ya chuo. Sina karatasi ya chuo, Sindano. Chuoni niliondolewa miaka sita iliyopita, nilibishana na mkuu wa idara mbele ya wanafunzi, na nilikuwa sahihi, na sikurudi. Tangu hapo ninasahihisha maandishi ya maboksi kwenye kiwanda cha uchapaji. Sabuni, viberiti, dawa ya mende. "Weka mbali na watoto." Nimesoma hilo mara elfu. Kwa hiyo ulipoandika, ilikuwa rahisi kwangu kukasirika kuliko kukwambia. Nikasema siombi. Laiti ningesema sina. Ungemtafuta mtu mwingine, hata mwalimu wa hesabu, naye angeandika mistari mitatu, na Baba angepanda ngazi na lile kopo la maziwa.

Ndiyo maana pia sikuja. Kwanza nilisema nitarudi nikiwa na shahada, kisha nikiwa na kitabu. Kisha ikawa hakuna cha kurudi nacho.

Bado naamini nilichoamini. Sitakudanganya kwamba nimebadilika. Picha na fikra si kitambaa cha meza, na ule mlango ulikuwa umefungwa, na wale wanawake walikuwa na haki ya kuuliza glovu. Lakini juzi nimeisoma tena makala yangu, kurasa zote nne. Kuna mlango, kuna wasomi, kuna taifa, kuna mimi. Mama hayumo. Nilijua toka barua yako ya kwanza kwamba yupo kwenye benchi lile, na sikumpa hata neno moja, kwa sababu hakunisaidia katika hoja.

Mimi Mama ninayemjua ni yule mnene aliyekuwa akinikimbiza na kandambili. Huyo wa mwisho, wa kikapu na Jumatatu, sikumwona. Nilimwacha kabla. Kurasa sita nimezichoma. Nakuomba kitu kimoja badala yake: niandikie uso wake. Wewe ulimtazama wa mwisho. Niandikie kama ulivyokuwa ukutani, kuanzia paji la uso, kila kitu, hata kilicholiwa na unyevu. Sitakitoa popote. Ni changu tu.

Kaka yako


30 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Hapa kumekauka, nguo zinakauka kabla hujageuka. Mpwa wako anasema maboksi ya viberiti yana makosa mawili ya herufi na anataka kujua kama ni yako. Shemeji yako anakwambia kiti cha barazani kipo wazi.

Bomba la maabara limetengenezwa. Walilitengeneza wiki mbili baada ya ukuta kuwa mweupe, ili usichafuke.

Nimejaribu ulichoniomba. Nilianza Jumapili nyumbani baada ya kufua, nikarudia kazini wakati wa mapumziko, nimekaa kwenye benchi palepale mwisho, mgongo ukutani. Nimejaribu mara nne. Naandika alikuwa na paji pana, amekonda, macho yamezama kidogo, mdomo umefungwa kama mtu anayehesabu. Nikisoma, nakuta nimeandika mama wa mtu yeyote. Namwongezea maneno, anazidi kwenda. Mara ya nne niliandika kidevu, kisha nikajiuliza kama ni kidevu alichokichora Baba au kidevu chenyewe, na sikuweza kujijibu. Nikaziweka karatasi chini.

Wewe una maneno na hukumwona. Mimi nilimwona, maneno ndiyo sina.

Kwa hiyo sitakuandikia. Njoo. Usije na shahada wala kitabu, njoo na hayo maboksi yako. Utakaa mbele yangu, uniulize polepole kama unavyojua kuuliza, nami nitajibu siyo, siyo hivyo, siyo hivyo, mpaka tufike. Njoo mapema, Kaka. Asubuhi hii nilipofungua dirisha nilitazama pale mwisho, na ilinichukua muda kumwona.

Mdogo wako,
Sindano